Nani Aandikwe Shujaa: Mwanamke katika Michezo ya Video

Mpira wa miguu unachezwa Kisangani katika viwanja vya namna mbili. Kuna kiwanja cha udongo, ambacho vijana wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na Lubunga hukifanya popote wapatapo nafasi. Na kuna kiwanja cha kioo, yaani runinga iliyowekwa juu ya meza katika kibanda cha mbao, ikaunganishwa na mashine ya PlayStation, ikalishwa umeme wa maporomoko ya Tshopo unapokuwapo na umeme wa jenereta unapokatika, na mbele yake wakaketi vijana wawili waliolipia mechi yao, ilhali wenzao wamesimama nyuma wakingoja zamu na kutoa hukumu kwa sauti iliyo kubwa kuliko ya mtangazaji. Mchezo upendwao mno katika vibanda vya namna hiyo ni ule uliojulikana kwa jina la FIFA tangu mwaka 1993, na ambao tangu 2023, baada ya kampuni ya Electronic Arts kuachana na Shirikisho la Soka la Dunia, unaitwa EA Sports FC.

Ndani ya mchezo huo, na ndani ya michezo mingine ya mfululizo iliyoishi miaka mingi, kumezuka hoja ambayo wengine huiona ya kitoto na mimi naiona ya watu wazima: je, mwanamke anastahili kuwa mhusika mkuu, yule ambaye mshika pedi huuongoza mwendo wake na kuutazama ulimwengu kwa macho yake, au nafasi yake ni ile ya dada, mchumba, mateka na msaidizi? Swali hili limeamsha ghadhabu kubwa Ulaya na Marekani. Huku kwetu aghalabu huulizwa kwa kicheko, pale kijana mmoja anapochagua timu ya wanawake na wenziwe wakamshinda kwa kejeli kabla hajafungwa bao. Walakini kicheko nacho ni hukumu, na hukumu iliyotolewa pasipo kusikiliza mashahidi haina budi kukatiwa rufani.

Tuanze na ushahidi wa tarehe. Mchezo wa kwanza wa mfululizo wa FIFA ulitoka mwaka 1993, miaka miwili baada ya wanawake kucheza Kombe lao la kwanza la Dunia huko China. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba watengenezaji walipoanza kazi yao soka ya wanawake ilikuwa haijazaliwa. Ilikuwapo, na ilikuwa na bingwa wake, Marekani. Hata hivyo ilipita miaka 22 kabla mwanamke hajakanyaga nyasi za mchezo huo. Mwezi wa Septemba 2015, katika toleo la FIFA 16, ziliingizwa timu 12 za taifa za wanawake: Australia, Brazil, Kanada, China, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Mexico, Hispania, Uswidi na Marekani. Msomaji wa Afrika atazipitia timu hizo akitafuta bendera ya bara lake na hataiona. Nigeria, ambayo haijakosa hata Kombe moja la Dunia la wanawake tangu 1991, haikuwamo, wala haikuwamo Japani iliyokuwa bingwa wa dunia mwaka 2011. Timu hizo 12 zilicheza zenyewe kwa zenyewe, pasipo kukutana na za wanaume, na wachezaji watatu, Alex Morgan, Christine Sinclair na Steph Catley, walipewa heshima ya kusimama na Lionel Messi katika jalada, kila mmoja katika nchi yake.

Mwaka uliofuata mchezo ukaacha kuwa mechi tupu, ukapata kisa. FIFA 17 ilimleta kijana wa London aitwaye Alex Hunter, ambaye maisha yake ya soka yaliendelea katika matoleo matatu. Na katika la mwisho, FIFA 19 ya mwaka 2018, nduguye wa baba mmoja, Kim Hunter, akapewa sehemu yake kamili, akiichezea timu ya taifa ya Marekani kuelekea Kombe la Dunia lililofanyika Ufaransa mwaka 2019. Kim ni shujaa kwa kila kipimo cha kisa, lakini hatuna budi kusema kwamba aliingia kwa mlango wa kaka yake: jina la ukoo ndilo lililomfungulia, na mshika pedi alimpokea kama mtu anavyompokea mgeni aliyeletwa na rafiki.

Mwaka 2022 toleo la FIFA 23 likaingiza ligi za wanawake za Uingereza na Ufaransa, na Sam Kerr wa Australia akawa mwanamke wa kwanza kuonekana katika jalada la dunia nzima, bega kwa bega na Kylian Mbappé. Mwaka 2023, EA Sports FC 24 ikauvunja ukuta wenyewe: katika sehemu iitwayo Ultimate Team, ambamo kila mshika pedi hukusanya wachezaji na kujiundia kikosi akitakacho, wanawake na wanaume wakachanganywa pamoja, na Alexia Putellas wa Barcelona akapewa alama 91, sawasawa na Mbappé. Hapo ndipo kelele zilipopaa. Mwaka 2024 toleo lililofuata likamruhusu mshika pedi kuishi maisha kamili ya mwanasoka mwanamke, au ya kocha wa klabu ya wanawake, msimu baada ya msimu. Hivyo safari ya kutoka kutokuwapo kabisa hata kuwa mhusika mkuu kamili ilichukua miaka 31, muda ambao binti aliyezaliwa pamoja na mchezo huo angekuwa ameanza kucheza, amevuma na amekaribia kustaafu.

Haya hayakutokea katika soka peke yake. Mfululizo wa Assassin's Creed, unaotengenezwa na kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft tangu mwaka 2007, na ambao kufikia 2022 ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 200, humtembeza mshika pedi katika zama za kale akiwa muuaji wa siri apiganiaye uhuru. Mwaka 2012 toleo dogo lilimfanya mwanamke, Aveline de Grandpré, kuwa mhusika mkuu. Lakini lilitolewa kwanza kwa mashine ndogo ya mkononi, ilhali toleo kubwa la mwaka huohuo lilikuwa la mwanamume. Mwezi wa Juni 2014, lilipotangazwa toleo la Unity, lenye kisa cha Mapinduzi ya Ufaransa na nafasi ya watu wanne kucheza pamoja, watu waliuliza kwa nini hakuna hata mwanamke mmoja wa kuchaguliwa miongoni mwao. Wakuu wa kazi hiyo wakajibu kwamba kumwongeza mwanamke kungeongeza kazi maradufu, kwa kuwa miondoko, sauti na mavazi yangepaswa kufanywa upya. Jonathan Cooper, aliyewahi kuongoza kazi ya miondoko katika mfululizo uleule, akasema kazi hiyo ingechukua siku moja au mbili. Na waliosoma tarehe wakakumbusha jambo lililowatia haya watetezi wa kampuni: muuaji anayekumbukwa kuliko wote wa Mapinduzi hayo, aliyemuua Marat mwaka 1793, alikuwa mwanamke, Charlotte Corday.

Sasa tuzipime hoja zenyewe. Nimezisikia nyingi, lakini zikichujwa hubaki tatu: hoja ya ukweli wa mambo, hoja ya fedha, na hoja ya desturi.

Wenye hoja ya kwanza husema hivi: mchezo wa mpira ni sanamu ya mpira wa kweli, katika mpira wa kweli mwanamke hashindani na mwanamume katika kiwanja kimoja, basi kumpa Putellas alama za Mbappé na kuwakimbiza pamoja ni kusema uongo. Hoja hii ina uzito, na wanaoitoa si wote wenye chuki. Alama hizo hupangwa kwa kumlinganisha kila mchezaji na wenziwe wa jinsia yake, hivyo 91 ya mwanamke ina maana ya ubora wake katika soka ya wanawake. Na mtu anayezichukua alama za mizani mbili akazijumlisha katika kikosi kimoja hana haki ya kushangaa akilalamikiwa. Ningekuwa mimi mwenye mchezo, ningezistawisha kwanza ligi za wanawake kwa ukamilifu wake, nikaacha kuchanganya kuwa hiari.

Walakini wenye hoja hii wamesahau kutazama walio pembeni ya Putellas katika kikosi hichohicho. Katika Ultimate Team mfululizo huu umewahi kumweka Lev Yashin, kipa wa Umoja wa Kisovyeti aliyefariki mwaka 1990, na Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, wakacheza na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wao walipotundika viatu. Marehemu hudaka penalti, mzee hurudishiwa miguu yake ya ujana, na kijana wa Mangobo ambaye hajapata kuvuka mpaka wa mkoa wa Tshopo huifunga Real Madrid mabao saba katika dakika chache, na katika yote hayo hakuna anayelalamika kwamba ukweli umevunjwa. Ikiwa mchezo unaweza kumfufua maiti pasipo kupingwa, kisha ukapingwa kwa kumkimbiza mwanamke aliye hai, basi kinachotetewa si ukweli bali ni mazoea, na mazoea hayajapata kuwa dalili ya haki.

Hoja ya pili ni ya fedha. Husemwa kwamba kampuni si mahakama wala madrasa; ni duka, na duka huweka mali inayonunuliwa; wanunuzi wengi ni wanaume, na wanaume hutaka shujaa mwanamume. Mwaka 2020 shirika la habari la Bloomberg lilieleza, kwa ushahidi wa wafanyakazi wa Ubisoft, jinsi imani hii ilivyofanya kazi: wanawake waliokuwa wamepangiwa nafasi kubwa katika matoleo ya Assassin's Creed yaitwayo Syndicate, Origins na Odyssey walipunguzwa kwa sababu wakubwa wa kampuni na wa mauzo waliamini kwamba shujaa mwanamke hauziki. Katika Syndicate ya mwaka 2015 mapacha Jacob na Evie Frye walikusudiwa kulingana, ila Jacob akapewa sehemu iliyo kubwa. Katika Origins ya 2017, yenye kisa cha Misri ya kale, Aya alitazamiwa kukishika kisa baada ya mumewe Bayek kufa mapema, ila Bayek akabakizwa hai. Na katika Odyssey ya 2018 Kassandra alitakiwa awe peke yake, ila akaongezwa ndugu yake Alexios ili mnunuzi achague.

Je, imani hiyo ni kweli? Mwaka 2017 ulitoka mchezo wa Horizon Zero Dawn, ambao mhusika wake mkuu ni mwanamke, Aloy, wala hakuna mwanamume wa kuchaguliwa badala yake. Kufikia mwisho wa 2021 ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 20. Na kabla ya hapo, tangu 1996, Lara Croft wa Tomb Raider alikuwa amekwisha kuijaza mifuko ya matajiri wake. Mfanyabiashara anayeona mifano hiyo akashikilia kwamba mwanamke hauziki hatumii hesabu. Anatumia itikadi yake na kuivika joho la hesabu.

Na kuna jambo zito zaidi katika hoja ya soko, nalo ni kwamba soko aghalabu hutiwa minyororo kwanza, kisha likalaumiwa kwa kutotembea. Tarehe 26 Desemba 1920, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, mechi ya wanawake baina ya Dick, Kerr Ladies na St Helens ilitazamwa na watu 53,000. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Soka cha Uingereza kiliwakataza wanawake kucheza katika viwanja vya klabu zake, kikidai kwamba mchezo huo hauwafai. Na katazo hilo likadumu karibu miaka 50. Vizazi viwili vikakua bila ya kuona mwanamke uwanjani, kisha watoto wa vizazi hivyo, walipoulizwa kwa nini hawamwoni, wakajibu kwa unyofu wa moyo kwamba ni kwa sababu hakuna watazamaji. Watengenezaji wa michezo ya video waliurithi uwanja uliokwisha kufungwa, wakauchukulia ukimya wake kuwa tabia ya maumbile. Kwa hiyo anayesema "watu hawataki" anapaswa kwanza aonyeshe kwamba watu walipata kupewa.

Hoja ya tatu, ambayo ndiyo inayosikika zaidi katika mji wetu, ni ya desturi. Husemwa kwamba shujaa mwanamke ni zao la Wazungu wa leo, lililoletwa pamoja na kioo, na kwamba visa vya mababu zetu ni vya wanaume. Msemaji wa maneno haya amevisahau visa vya mababu zake. Wamongo, majirani zetu wa upande wa magharibi katika msitu huu mmoja, wana utenzi mashuhuri wa Lianja; na Lianja hakuzaliwa peke yake, alizaliwa pamoja na dada yake Nsongo, naye Nsongo akaandamana naye katika kuongoza watu. Ubisoft ilipowaleta pacha Jacob na Evie wa London mwaka 2015, ikasifiwa kwa uvumbuzi, watu wa bonde la Kongo walikuwa wamekwisha kusimulia habari ya pacha wao kwa vizazi visivyojulikana idadi. Na tukiacha visa tukaingia katika tarehe, mwanamke aliyethubutu kutaka kuuunganisha upya ufalme wa Kongo uliogawanyika kwa vita, akahubiri, akafuatwa na maelfu, kisha akachomwa moto mwaka 1706, alikuwa Kimpa Vita. Upande wa pwani ya Afrika Mashariki, mwaka 1913, aliyewaamsha Wagiriama dhidi ya Waingereza alikuwa Mekatilili wa Menza. Mambo haya si mageni. Mgeni ni usahaulifu wetu.

Hata hivyo insafu inatutaka tukiri kwamba sisi wenyewe, tunapopata kalamu, huandika kwa mkono uleule. Kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, nchini Kamerun, ilitoa mwaka 2016 mchezo wa Aurion, miongoni mwa kazi za fahari zilizofanywa na watengenezaji wa Afrika ya Kati: ulimwengu wake ni wa Kiafrika, mavazi yake ni ya Kiafrika, na mfalme wake, Enzo Kori-Odan, ni Mwafrika. Mkewe Erine huandamana naye na kumsaidia. Erine si pambo, kwa kuwa ndiye mshauri na nguvu ya mumewe. Lakini anayeshika vita ni Enzo. Nalitaja hili si kwa kuwashutumu ndugu zetu wa Kamerun, ambao kazi yao ni ya kusifiwa, bali kwa kuonyesha kwamba tabia ya kumweka mwanamke hatua moja nyuma haikutoka Paris wala California tu; tukijidanganya kuwa ilitoka huko, hatutaiona inapokaa mezani petu.

Katika hoja hii ya desturi limo neno moja ambalo nalikubali, nalo ni la staha. Mzazi asemaye kwamba kibanda cha michezo si mahali pa binti yake mara nyingi hapingi mchezo. Anapinga moshi, kamari, lugha chafu na saa za usiku, na mambo hayo hayamfai hata mwanawe wa kiume. Vivyo hivyo, asemaye kwamba wanawake wa michezoni wamefanywa kwa ajili ya macho ya wanaume ana ushahidi: Lara Croft wa miaka ya mwanzo aliumbwa kwa kiuno na kifua ambavyo havikuwa na kazi yoyote katika kupanda miamba, na matangazo yake yalimuuza kwa hivyo kuliko kwa akili yake ya kuchunguza makaburi ya kale. Kumpa mwanamke nafasi ya shujaa kisha kumfanya kiburudisho cha macho ni kumpa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa wa kushoto. Heshima ya mhusika mkuu haitoki katika kuonekana sana. Hutoka katika kuwa na nia, hofu, makosa na maamuzi yake mwenyewe, jambo ambalo Kim Hunter, pamoja na kuingia kwa mlango wa kaka yake, alilipata zaidi kuliko Lara wa mwaka 1996.

Baada ya hoja hizo tatu naleta hoja yangu, nayo ni ya insafu. Mwezi wa Machi 2025 Ubisoft ilitoa toleo la Assassin's Creed Shadows, lenye kisa cha Japani ya karne ya 16 na wahusika wakuu wawili: mwanamke wa Kijapani aitwaye Naoe, na Yasuke, yule Mwafrika wa kweli wa tarehe aliyefika Japani mwaka 1579 pamoja na mapadri Wajesuti, akamtumikia mtawala Oda Nobunaga, na ambaye aghalabu husemwa kuwa alitoka Msumbiji. Tangu mchezo ulipotangazwa mwaka 2024 zilisikika ghadhabu za kila namna dhidi ya Yasuke: kwamba Mweusi hana mahali katika kisa hicho, kwamba kuwekwa kwake ni siasa, kwamba ukweli umevunjwa, kwamba mchezo hautauzika. Msomaji wa Kiafrika anayeyasikia maneno hayo huchomwa moyoni, na ana haki ya kuchomwa, kwa maana mtu wa bara lake alikuwapo pale, akashuhudiwa na waandishi wa zama zake, na leo anaambiwa hakustahili kukumbukwa.

Lakini na ayatazame tena maneno yenyewe. Hana mahali, ni siasa, ukweli umevunjwa, hauziki. Ni maneno yaleyale, neno kwa neno, yanayosemwa juu ya mwanamke katika vibanda vya Kisangani, na yanayosemwa na vinywa vilevile vinavyomtetea Yasuke. Mtu hawezi kuishika mizani kwa mkono mmoja akidai haki yake, na kuibonyeza kwa mkono wa pili akimpimia mwenziwe. Ama hoja hizo ni njema, na hapo Yasuke arudi gizani pamoja na Putellas. Ama ni mbovu, na hapo wote wawili watoke nje kwenye mwanga. Sioni njia ya tatu, na aionaye anapaswa kutuonyesha.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi zaidi kuliko Electronic Arts na Ubisoft, nalo ni kwamba mchezo wa video hauumbi sifa kutoka hewani. Huinakili ilikokwisha kuandikwa. Ligi huingizwa mchezoni kwa mkataba, na mkataba hutaka ligi yenye ratiba, picha, hesabu za mabao, wachezaji waliosajiliwa na mechi zilizorekodiwa. Tazama hali yetu. Timu ya taifa ya wanawake ya Kongo ilishika nafasi ya tatu Afrika mwaka 1998. Wasichana wetu walio chini ya miaka 20 walicheza Kombe la Dunia mwaka 2006 huko Urusi na 2008 huko Chile. Na mwezi wa Novemba 2024, nchini Morocco, wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi waliifunga AS FAR ya Rabat bao 1-0, wakawa mabingwa wa klabu za Afrika. Hizo ni sifa zilizopatikana kwa jasho, na ni wachache katika vibanda vyetu wawezao kutaja hata majina matatu ya kikosi hicho. Ilhali Grace Geyoro, mzaliwa wa Kinshasa, anajulikana na mshika pedi wa dunia nzima, kwa kuwa alikulia Ufaransa, akacheza Paris Saint-Germain, akavaa jezi ya Ufaransa. Damu ni moja na kipaji ni kimoja. Kilichotofautiana ni uandikishaji.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba mjadala huu utamalizwa na wakurugenzi wa Electronic Arts na Ubisoft. Wao wataingiza wanakoona mkataba na faida, na wamekwisha kuonyesha kwamba walihitaji miaka 22 kuwaona hata mabingwa wa dunia. Sehemu iliyo mikononi mwetu ni ya nyumbani: kama binti wa Tshopo hana ligi ya mtaa, hana mwamuzi, hana saa yake katika kiwanja cha udongo, na mechi yake haitangazwi hata na redio ya mji, basi hatatokea katika kioo chochote, wala hatutakuwa na haki ya kuwalaumu wageni kwa kutomwona mtu ambaye sisi tumemficha.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwanamke anastahili kuwa mhusika mkuu wa michezo ya mfululizo, si kwa hisani wala kwa kukamilisha hesabu, bali kwa sababu hoja zote zilizoletwa kumzuia zimeshindwa kusimama: ya ukweli imeangushwa na marehemu wanaocheza, ya fedha imeangushwa na fedha yenyewe, na ya desturi imeangushwa na Nsongo na Kimpa Vita. Lakini awekwe kwa staha na ukamilifu, akiwa na kisa chake na ligi yake, na alama zake zifafanuliwe pasipo ujanja. Nanyi wenye vibanda vya Kisangani, tengeni saa za mchana kwa ajili ya wasichana, mzime sigara na mkataze matusi. Wazazi, waruhusuni waje. Waandishi wa redio na viongozi wa michezo wa Tshopo, andikeni majina ya mabinti wanaocheza, tarehe za mechi zao na mabao yao. Asiyeandikwa nyumbani haandikwi ugenini.